Msomi wa Kitabu cha Sala: Kutoka Vyuo vya Uingereza hadi Pwani Yetu



Katika vyuo vikuu vya Uingereza wapo walimu wa fasihi wasioishia kwenye riwaya na tamthilia. Wanafundisha kitabu cha sala. Mtu husomea fasihi ya Kiingereza, akapata shahada ya uzamivu, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza jinsi Waanglikana wanavyosali: neno hili limetoka katika Kilatini gani, lilibadilishwa mwaka gani, na kwa sababu gani. Mwamini wa Kibiti aliyetoka kupima korosho ghalani, au kuuza kamba pale Nyamisati, anaweza kuuliza: je, hiyo nayo ni kazi?

Ndiyo, ni kazi, na inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Katika makala hii tunaeleza msomi wa namna hiyo anafanya nini. Kisha tunamtazama mtu mmoja aliyefanya kazi ya jirani na hiyo hapa pwani, Askofu Edward Steere wa Zanzibar. Tunawaandikia mafrateri wanaotumwa likizo kwenye vigango vya Kibiti na vya delta ya Rufiji, pamoja na waamini watakaowapokea.

Kazi ya msomi wa liturujia ya Kianglikana

Kitabu cha Sala cha Waanglikana kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1549, wakati wa Mfalme Edward wa Sita. Aliyesimamia uandishi wake ni Askofu Mkuu Thomas Cranmer wa Canterbury. Kilirekebishwa 1552, kikarudi na mabadiliko 1559 chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, kikapata sura yake iliyodumu mwaka 1662. Watu wa Uingereza walikisikia kila Jumapili, na pia kwenye ubatizo, ndoa na mazishi. Shakespeare alikua akikisikia. Ndiyo maana mwalimu wa fasihi hawezi kukiruka: maneno yake yaliingia katika masikio ya taifa zima kabla hayajaingia katika vitabu vya waandishi wake.

Mfano mzuri ni Profesa Brian Cummings wa Chuo Kikuu cha York, ambaye kabla ya hapo alifundisha Sussex. Mwaka 2002 alitoa kitabu kuhusu fasihi ya wakati wa Matengenezo ya Kanisa, akieleza jinsi mabishano juu ya neema yalivyokuwa pia mabishano juu ya sarufi. Mwaka 2011 alihariri matini tatu za Kitabu cha Sala, za 1549, 1559 na 1662, zikachapwa Oxford katika juzuu moja, msomaji azilinganishe. Mwaka 2018 akatoa utangulizi mfupi wa kitabu hicho kwa watu wa kawaida. Huo ni mwendo wa kazi ya msomi: kwanza uchunguzi wa kina, halafu kusafisha matini, mwishoni kuwaeleza wengi.

Msomi kama huyo huona mambo ambayo mwanateolojia anaweza kuyapita haraka. Chukua sala ya kolekta. Ina mpangilio wa zamani sana: tunamwita Mungu, tunataja sifa yake au tendo lake, tunaomba jambo, tunasema tunaliomba kwa lengo gani, tunahitimisha kwa Kristo. Cranmer alizikuta kolekta nyingi katika vitabu vya Kilatini vya Kanisa letu, akazitafsiri. Mwalimu wa fasihi hukaa na sentensi hiyo moja, aone jinsi Kilatini kifupi kilivyorefushwa ili msomaji apate pumzi na msikilizaji apate nafasi ya kufuata.

Hatusemi kwamba kitabu hicho kililetwa kwa amani. Mwaka huohuo wa 1549 watu wa Devon na Cornwall waliasi wakitaka Misa yao ya zamani, na baadhi ya watu wa Cornwall walilalamika kwamba hata hicho Kiingereza hawakielewi, maana wao walikuwa na lugha yao. Uasi huo ulizimwa kwa damu. Cranmer mwenyewe alichomwa moto Oxford mwaka 1556, wakati wa Malkia Mary. Baadaye Wakatoliki walitozwa faini na kufungwa kwa kukataa ibada za kitabu hicho. Maneno ya sala yana uzito. Watu wameyafia, pande zote mbili.

Mwanasheria aliyekuja Zanzibar

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Hakuanza kama padri wala kama mwalimu wa lugha. Alisoma sheria London, akapata shahada ya kwanza ya sheria 1848 na ya udaktari 1850, akaandikishwa kuwa wakili mwaka huohuo. Baadaye aliacha uwakili, akapewa ushemasi 1856 na upadri 1858. Akiwa bado kijana alihariri kitabu maarufu cha Askofu Joseph Butler juu ya dini, kikatoka 1857. Aliijua basi kazi ya kulinganisha matini na kutunga faharasa kabla hajajua hata neno moja la Kiswahili.

Alikuja na Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu wanaijua kwa herufi zake, UMCA. Misheni hiyo ilianza katika nchi ya mto Shire, ikapoteza watu wake kwa homa, akiwemo askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliyefariki 1862. Tozer na Steere walifika Zanzibar mwaka 1864. Walianza na vijana wachache waliotolewa katika majahazi ya watumwa, na hapo Steere akaona kazi yake: vijana hawa wafundishwe kwa lugha gani, na wasali kwa lugha gani?

Mwaka 1870 alitoa kitabu cha mwongozo wa Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Waswahili, zilizosimuliwa na watu wa Zanzibar wenyewe. Mfuatano huo una maana. Alisikiliza hadithi, akajifunza jinsi Mswahili anavyoanza habari, anavyoirudia, anavyoifunga. Wakati huohuo alikuwa akitafsiri vipande vya Maandiko na vya Kitabu cha Sala. Vipande hivyo vilichapwa kidogokidogo katika mtambo wa misheni palepale Zanzibar, ambapo vijana wa misheni wenyewe walipanga herufi. Vikatumiwa kanisani, vikasikika, vikarekebishwa. Tarehe 24 Agosti 1874 Steere alipewa uaskofu. Alifariki Zanzibar Agosti 1882, akazikwa katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, iliyosimama juu ya msingi wa kazi yake, ilitoka 1891.

Walimu wake walikuwa Waislamu

Steere hakuficha kwamba alifundishwa na watu wa Zanzibar, na walimu wake wa kwanza walikuwa Waislamu. Mmoja alikuwa kijana Khamis wa Kayi, aliyejua Kiingereza kidogo. Mwingine alikuwa Sheikh Abdulaziz, mtu wa elimu kubwa, ambaye kwa wema wake alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwenda Kiswahili kilicho bora na safi kabisa.

Kazi hiyo haikupita Zaburi ya 16. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na pia Kiswahili chake kilikuwa cha kisomi mno. Kilimpendeza mwanachuoni, lakini mtu wa kawaida kisingemfikia. Hapa Steere alikuwa kati ya mambo mawili. Akifuata lugha ya juu, sala itabaki kuwa ya wenye elimu. Akifuata lugha ya gatini na sokoni tu, sala itakosa heshima. Alichagua njia ya katikati: Kiswahili safi cha Unguja ambacho mtu wa kawaida anakielewa, na mtu wa elimu hakionei haya.

Uchaguzi huo ulikwenda mbali kuliko alivyoweza kuona. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vya UMCA vilikuwa tayari mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwanafunzi wa leo katika shule ya Kibiti anaandika insha kwa lugha ambayo sehemu ya njia yake ilipita katika kitabu cha sala.

Kwa haki tuseme pia upande mwingine. Steere anajulikana, Khamis wa Kayi na wenzake wanatajwa katika dibaji tu. John Swedi, mmoja wa vijana wa kwanza wa misheni, alipewa ushemasi 1879, na Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo mwaka 1890. Bila masikio na ndimi za watu hawa, mwanasheria wa London asingeandika sala hata moja ambayo Mswahili angeweza kuisema bila kucheka.

Njia ya watumwa ilipita Rufiji

Wasomaji wetu wa Kibiti wana sababu ya pekee ya kuijua habari hii. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Biashara haikufa siku ile. Wafanyabiashara wa Kilwa waligeukia nchi kavu: misafara ikaelekea kaskazini, ikavuka mto Rufiji, ikaenda hadi Dar es Salaam, Bagamoyo na Pangani. Mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874 ofisa Mwingereza, Frederic Elton, alisafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Katika muda wa mwezi mmoja alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakiswagwa njiani. Sultani alipiga marufuku misafara hiyo ya bara mwaka 1876.

Leo ukipanda basi la Kilwa ukapita Kibiti, Ikwiriri na daraja la Mkapa, unasafiri katika nchi ambayo misafara ile ilipita, ukielekea upande ilikotoka. Tuyafikirie basi maneno ya sala kwa masikio ya mtu aliyepitishwa huko akiwa na mnyororo. “Bwana” lilikuwa jina la anayemmiliki. “Mtumwa” lilikuwa jina lake mwenyewe. “Kukomboa” lilikuwa tendo la kulipa ili kitu kilichowekwa rehani, au mtu aliyetekwa, atoke. Mtu kama huyo akifundishwa kumwita Kristo “Bwana” na “Mkombozi”, hasikii istilahi za teolojia. Anasikia kwamba yupo Bwana mwingine, na kwamba malipo yamekwisha kutolewa.

Sisi tumeyazoea maneno haya hata hatuyasikii tena. Kazi ya msomi wa liturujia ni kuyarudishia uzito wake.

Visima viwili vya lugha

Wataalamu wa Kitabu cha Sala cha Kiingereza wanapenda kuonyesha jambo moja: kinaweka maneno mawiliwawili yanayokaribiana maana. Sababu mojawapo ni kwamba Kiingereza kinachota katika visima viwili, kimoja cha lugha yake ya kale na kingine cha Kifaransa na Kilatini. Neno moja humfikia mkulima, la pili humfikia msomi, na yote mawili hukaa katika pumzi moja.

Kiswahili nacho kina visima viwili, cha Kibantu na cha Kiarabu. Tazama: kuomba na kusali, kuungama na kutubu, uovu na dhambi, utulivu na amani. Katika kila jozi neno la kwanza ni la Kibantu na la pili limetoka katika Kiarabu. Hata jina tunalomwitia Mungu kila siku, Mwenyezi Mungu, limechanganya visima hivyo: “mwenye” ni la Kibantu, “enzi” limetoka Kiarabu, “Mungu” ni la Kibantu. Mkristo na Mwislamu wa Kibiti wanaliita jina hilohilo.

Kuna jambo la sauti pia. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno. Kwa hiyo kila fungu la maneno linaishia kwa mpigo uleule. Anayeandika sala hawezi kutegemea mkazo ili kupata mwendo mzuri; lazima ategemee urefu wa mafungu. Mafungu yakiwa marefu yote, watu hukosa pumzi. Yakiwa mafupi yote, sala hugeuka orodha. Kulijua hili hakuhitaji shahada ya uzamivu. Soma sala yako kwa sauti mara tatu kabla hujaipeleka mimbarini.

Na sisi Wakatoliki?

Mtu anaweza kuuliza: Mkatoliki anatafuta nini katika kitabu cha Waanglikana? Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulijibu mapema. Hati ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, Unitatis Redintegratio, inasema kwamba kati ya jumuiya zilizotengana nasi wakati wa Matengenezo, ambamo mapokeo ya Kikatoliki yanaendelea kwa sehemu, Ushirika wa Kianglikana una nafasi ya pekee. Mwaka 2009 Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliwafungulia njia Waanglikana wanaotaka ushirika kamili na Roma waje pamoja na urithi wao wa kiliturujia. Mwaka 2015 wakapewa misale yao iliyoidhinishwa, ambayo ndani yake zimo sala za Kitabu cha Sala. Maneno yaliyotoka katika Kilatini chetu karne ya 16 yamerudi nyumbani yakiwa yamevaa Kiingereza.

Sisi nasi tulikuwa na watu wetu wa lugha. Padri Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika pwani hii 1879, akakaa miaka mingi akikusanya maneno ya lahaja za Kiswahili. Sarufi yake ilitoka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka 1939. Hata hivyo Misa ya wamisionari wetu ilibaki ya Kilatini. Kiswahili kilikuwa cha katekesi, nyimbo na ibada nyingine. Wenzetu Waanglikana walitangulia karibu miaka mia moja katika shule ngumu ya kuadhimisha ibada nzima kwa Kiswahili. Sisi tuliingia baada ya Sacrosanctum Concilium, hati ya liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963. Mwaka 2017 Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua Magnum Principium, aliyaongezea Mabaraza ya Maaskofu wajibu katika kutafsiri vitabu vya liturujia. Wajibu huo unahitaji watu waliosoma lugha kwa bidii. Watatoka wapi, kama hawatatoka seminarini?

Kanisa lina msemo wa kale kwamba sheria ya kusali ndiyo sheria ya kusadiki. Mwamini ambaye hajawahi kufungua kitabu cha teolojia hujifunza imani yake katika sala anazozisikia. Zikiwa na maneno mepesi ya kujaza nafasi, imani yake inalishwa pumba.

Kazi iliyo mikononi mwetu Kibiti

Maneno ya Misa tumepewa. Si ya frateri kuyabadilisha. Lakini kuna sehemu ambazo maneno yanatungwa papohapo: maombi ya waamini, sala ya jumuiya ndogondogo, ibada ya Jumapili isiyo na padri inayoongozwa na katekista, maneno ya faraja msibani. Katika vigango vya delta, ambako padri hufika kwa mashua na kwa kungoja maji kujaa, sehemu hizo ni nyingi.

Chukua msiba. Kibiti Mkatoliki akifariki, majirani Waislamu huja. Wanachimba kaburi, wanabeba jeneza, wanasimama wakati wa sala. Wanayaelewa maneno yetu karibu yote: rehema, dhambi, roho, toba, imani, malaika. Ni maneno ambayo tumeyapokea kupitia lugha iliyolelewa nyumbani mwao. Ukisimama pale ukasema kwa Kiswahili cha haraka, kilichochanganywa na maneno ya Kiingereza ili uonekane umesoma, umemnyima mfiwa faraja, na jirani yake umempa sababu ya kudhani kwamba dini yetu ni ya watu wa mbali. Ukisema kwa Kiswahili safi na cha kueleweka, umewaheshimu wote wawili. Katika wilaya iliyopitia mauaji ya 2016 na 2017, na hofu iliyoingia kati ya mtu na jirani yake, jambo hilo si dogo.

Tunapendekeza basi mambo manne kwa frateri anayekwenda huko. Kwanza, kaa na wazee, uwasikilize wanavyosimulia kabla hujawahubiria. Pili, andika ombi lako, lisome kwa sauti, kisha mpe katekista alisome. Akijikwaa, kosa ni la sentensi. Tatu, kila neno gumu ulitafutie asili yake, maana mara nyingi asili ndiyo mahubiri yenyewe, kama tulivyoona katika “kukomboa”. Nne, usione haya kumuuliza Mwislamu maana ya neno. Steere alikuwa na shahada ya udaktari na bado aliuliza.

Nanyi waamini, frateri akisema sala msiyoielewa, mwambieni baada ya ibada, kwa upole, kama mnavyomwambia mwanenu. Lugha ni yenu. Yeye amekuja kujifunza. Na Mwenyezi Mungu, anayezielewa sala zetu kabla hatujazitamka, awajalie wote wanaotuandalia maneno ya kusali moyo wa kusikiliza kwanza.